Kukadiria densiti na presha ya mvuke ya michanganyiko ya mafuta na gesi: hesabu zenyewe, kuanzia dipu hadi mtungi

Boza limepakia lita 36,000 za petroli Kigamboni saa nane mchana, mafuta yakiwa na joto la 32 °C. Siku mbili baadaye, alfajiri, linashusha Njombe na mafuta yameshapoa hadi 18 °C. Zinasomeka lita 35,376. Zimepungua lita 624, na mtu wa kwanza kuulizwa ni dereva. Lakini kama petroli ile ilikuwa na densiti ya 740 kg/m³ kwenye 15 °C, upungufu huo ndio hasa uliopaswa kutokea. Uzito haujapungua hata kilo moja. Kilichosinyaa ni ujazo. Lita 624 ni halali, lita 900 si halali, na anayeweza kutenganisha hayo mawili ni yule aliyepiga hesabu kabla boza halijatoka getini.

Mwongozo huu ni wa watu wa depo, vituo vya mafuta, viwanda vya kujaza gesi, na wanafunzi wa uhandisi wa kemikali wanaotaka kuona milinganyo ya darasani ikifanya kazi Kurasini. Tutakadiria densiti, presha ya mvuke (ile ambayo mvuke unasukuma ukiwa umefungiwa pamoja na kimiminika chake) na joto fiche (linalohitajika kugeuza kimiminika kuwa mvuke) la michanganyiko ya haidrokaboni iliyo katika hali ya kimiminika. Karibu kila kitu kinafanyika kwenye Excel au hata kikokotoo cha simu chenye vitufe vya log na exp. Programu kubwa zina mahali pake, tutafika huko.

Mambo manne ya kunyoosha kabla ya mlinganyo wowote

Makadirio mabovu mengi tunayoyaona hayatokani na mlinganyo dhaifu. Yanatokana na namba zilizoingizwa vibaya.

La kwanza, uzito si moli. Mtu akisema gesi yake ni "30 kwa 70", muulize: kwa uzito, kwa ujazo au kwa moli? Presha ya mvuke inafuata moli. Chukua propani kilo 30 na butani kilo 70. Gawanya kila moja kwa uzito wake wa moli: 30/44.10 = 0.680, na 70/58.12 = 1.204. Jumla ni 1.885. Kwa hiyo propani ni 0.361 ya moli zote, si 0.30. Ukisahau hatua hii kwenye mchanganyiko huu, presha inatoka pungufu karibu nusu ya bar, na hakuna kitu kwenye karatasi kitakachokuonyesha kwamba umekosea.

La pili, kelvin na selsiasi. Mlinganyo wa Antoine tutakaoutumia unataka °C, mlinganyo wa Rackett unataka kelvin (°C + 273.15). Weka safu mbili tofauti kwenye Excel, kila moja na kichwa chake, usizichanganye.

La tatu, presha kamili na presha ya geji. Milinganyo yote inatoa presha kamili. Geji inaonyesha kilichozidi hewa ya nje. Dar es Salaam tuko usawa wa bahari, unatoa 1.01 bar. Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, hewa ina takriban 0.83 bar, kwa hiyo mtungi uleule kwenye joto lilelile utasoma juu kidogo huko kuliko Mbagala.

La nne, joto la marejeo. Hati nyingine zinadai ujazo kwenye 15 °C, nyingine kwenye 20 °C. Kwa petroli ya 740, tofauti ya digrii hizo tano ni asilimia 0.6, yaani mita za ujazo 61 katika kila 10,000. Soma hati ya mzigo hadi uione namba hiyo imeandikwa. Ukiona "lita" tupu bila joto lake, uliza.

Petroli na dizeli: densiti kwenye joto lolote

Petroli ina mamia ya kemikali ndani yake na hakuna atakayekupa orodha kamili. Kwa bahati njema, kwa densiti huihitaji. Upanukaji wa mafuta yaliyosafishwa unafuata densiti yao wenyewe kwa karibu sana, na mlinganyo unaobeba jedwali la 54B la mwaka 1980, lile linalotumika kwenye biashara ya mafuta duniani, ni huu:

α = K0/ρ² + K1/ρ
VCF = exp[ −α × ΔT × (1 + 0.8 × α × ΔT) ]

α ni kiwango cha upanukaji kwa kila digrii, ρ ni densiti kwenye 15 °C kwa kg/m³, na ΔT ni joto la mafuta kutoa 15. VCF ni namba unayozidishia ujazo uliopimwa ili kupata ujazo wa 15 °C. Namba za K zinategemea kundi:

- Petroli, densiti hadi 770.4: K0 = 346.4228, K1 = 0.4388
- Mafuta ya taa na ya ndege, 787.5 hadi 838.3: K0 = 594.5418, K1 = 0
- Dizeli na mafuta mazito, zaidi ya 838.3: K0 = 186.9696, K1 = 0.4862

Kati ya 770.4 na 787.5 kuna daraja lenye mlinganyo wake: α = −0.00336312 + 2680.3206/ρ².

Turudi kwenye boza. Petroli ya 740: α = 346.4228/547,600 + 0.4388/740 = 0.0012256. Kwenye 32 °C, ΔT ni 17, VCF inatoka 0.97904. Kwenye 18 °C, ΔT ni 3, VCF ni 0.99632. Uzito haubadiliki, kwa hiyo ujazo wa Njombe ni 36,000 × 0.97904/0.99632 = lita 35,376. Hiyo ndiyo namba ya kumkabidhi dereva ikiwa imeandikwa kwenye karatasi ya safari, pamoja na joto la kupakia lililopimwa ndani ya mafuta. Joto la hewa halisaidii. Kipimajoto kikining'inizwa kwenye mdomo wa tangi badala ya kuzamishwa katikati ya mafuta kinaweza kukosea digrii tatu nne kwa urahisi, na kwa petroli kila digrii moja kwenye lita 36,000 ni kama lita 44.

Dizeli inapanuka kidogo zaidi ya theluthi mbili ya petroli. Densiti 840: α = 0.00084379, kwenye 30 °C VCF ni 0.98730.

Sasa tatizo la kawaida: hujui densiti ya 15 °C. Unachojua ni haidromita imesoma 829.3 kwenye sampuli ya dizeli yenye joto la 30 °C. Mlinganyo unaitaka ρ ambayo ndiyo unayoitafuta, kwa hiyo unazunguka:

1. Anza kwa kudhani ρ = 829.3. Iko kwenye kundi la mafuta ya taa, α = 0.00086449, VCF = 0.98698. Gawanya: 829.3/0.98698 = 840.2.
2. 840.2 imevuka 838.3, kwa hiyo badilisha kundi: tumia K za dizeli. α = 0.00084352, VCF = 0.98730. Gawanya tena 829.3: unapata 839.97.
3. Mzunguko wa tatu hauibadilishi. Densiti ya 15 °C ni 840.0.

Hatua ya pili ndiyo inayowanasa watu. Fomula ya Excel iliyoandikwa na K za kundi moja tu itakupa jibu safi, lenye desimali nyingi, lisilo sahihi. Weka IF inayochagua kundi upya katika kila mzunguko. Kama unataka usahihi wa maabara, kumbuka pia kwamba kioo cha haidromita chenyewe kinapanuka: kilichosawazishwa kwa 15 °C kikitumika kwenye 30 °C kinasoma juu kwa takriban 0.3 kg/m³, uitoe kabla ya kuanza kuzunguka.

Kuchanganya mizigo miwili ya dizeli hakuhitaji ujanja: jumlisha uzito, jumlisha ujazo uliokwisha kurudishwa 15 °C, gawanya. Njia hii hii inaonyesha pia kwa nini densiti peke yake haikamati uchakachuaji. Dizeli ya 840 ikitiwa asilimia 10 ya mafuta ya taa ya 800 inashuka hadi 836 tu, namba ambayo haimshtui mtu kwa sababu dizeli halali nyingi ziko hapo. Ndiyo maana wakaguzi wa mafuta wanategemea vinasaba, yaani kemikali za alama zinazotiwa kwenye mafuta.

Gesi ya mitungi: densiti

Hapa mambo yanageuka, kwa sababu propani na butani zinakaa karibu na joto lao la ukomo, yaani lile joto ambalo juu yake gesi haigeuki kimiminika hata uisindike vipi. Kadiri kimiminika kinavyolikaribia, kinapanuka kwa kasi isiyo ya mstari ulionyooka, na jedwali la petroli halifai kabisa. Tumia Rackett:

V = (R × Tc / Pc) × Z^[1 + (1 − T/Tc)^(2/7)]

V ni ujazo wa moli moja, T ni joto kwa kelvin, Tc na Pc ni joto na presha ya ukomo. R ni 83.145 ukitumia bar na sentimita za ujazo. Z unaipata kutoka kwenye asentriki ω, namba ya kila kemikali inayohusiana na umbo la molekuli zake: Z = 0.29056 − 0.08775ω. Namba za kuanzia:

- Propani: Tc 369.83 K, Pc 42.48 bar, ω 0.152
- Butani ya kawaida: Tc 425.12 K, Pc 37.96 bar, ω 0.200

Kwenye 30 °C (303.15 K), propani inatoka sentimita za ujazo 91.4 kwa moli, yaani 482.5 kg/m³. Butani 102.5, yaani 567.2 kg/m³. Vipimo vya kweli viko karibu na 484 na 567, kwa hiyo kosa la mlinganyo ni chini ya nusu asilimia.

Mchanganyiko wetu wa 30/70 kwa uzito: 30/482.5 + 70/567.2 = 0.18559 m³ kwa kilo 100, yaani 538.8 kg/m³. Angalia kilichofanyika: tumejumlisha ujazo. Ukichukua njia ya mkato ya kupiga wastani wa densiti kwa asilimia za uzito, unapata 541.8. Inaonekana ni tofauti ndogo, ila kwenye mzigo wa tani 1,000 ni mita za ujazo 10, na hizo zitatafutwa na mtu.

Rudia hesabu kwenye 50 °C, joto ambalo tangi dogo lililoachwa juani bila kupakwa rangi nyeupe linaweza kulifikia: propani 447.1, butani 542.1, mchanganyiko 509.6. Ujazo umeongezeka kwa asilimia 5.7. Tangi lililojazwa asilimia 95 kwenye 30 °C sasa linataka asilimia 100.4 ya nafasi yake. Hapo hakuna tena mto wa mvuke juu. Kimiminika kinasukuma chuma moja kwa moja, presha inapanda bar kadhaa kwa kila digrii, na valvu ya usalama inafunguka, ikiwa inafanya kazi. Likijazwa asilimia 85 linafika 90 tu. Kwa hiyo mstari wa kikomo kwenye geji ya tangi una hesabu nyuma yake, na anayeongeza "kidogo tu" juu ya mstari huo anakula nafasi ya upanukaji ambayo jua la Januari litaidai.

Presha ya mvuke, na kwa nini moto wa mtungi hufifia

Kwa haidrokaboni zinazofanana, Kanuni ya Raoult inatosha kwa kazi nyingi: presha ya mchanganyiko ni jumla ya (sehemu ya moli × presha ya kila kimoja kikiwa safi). Presha safi inatoka kwa Antoine. Kwa milimita za zebaki na °C:

Propani: log P = 6.80398 − 803.81/(t + 246.99)
Butani: log P = 6.80896 − 935.86/(t + 238.73)

Hiyo log ni ya msingi wa kumi. Kwenye Excel andika =10^(6.80398-803.81/(A2+246.99))/750.06 upate bar. Ukiandika EXP badala ya 10^, propani itatoka chini ya bar 0.1 kwenye joto la Dar, mtungi wenye presha ndogo kuliko hewa ya nje. Kosa hilo ni rahisi kulikamata. La hatari ni la moli na uzito tulilolitaja.

Kwenye 30 °C: propani 10.64 bar, butani 2.83 bar. Mchanganyiko wetu: 0.361 × 10.64 + 0.639 × 2.83 = 3.84 + 1.81 = 5.65 bar kamili, geji isome 4.6. Hitilafu ya Raoult hapa ni asilimia chache, inavumilika kwa kuchagua hozi au regulata. Haitoshi kwa kuamua bili ya mzigo wa meli.

Sasa tazama kilicho ndani ya mvuke. Propani ni 3.84 kati ya 5.65, yaani asilimia 68 ya moli za gesi inayotoka, ingawa kwenye kimiminika ni 36 tu. Mtungi unatoa propani kwanza. Kimiminika kinachobaki kinazidi kuwa butani, na presha inashuka hata joto lisipobadilika. Kukadiria safari hiyo ni mstari mmoja:

(propani iliyobaki / ya mwanzo) = (butani iliyobaki / ya mwanzo)^3.76

3.76 ni 10.64/2.83. Anza na moli 0.361 na 0.639, shusha butani hatua kwa hatua kwenye Excel, kila mstari uhesabu uzito wote na presha. Uzito ukifika nusu, butani iko asilimia 64 ya mwanzo lakini propani imebaki 18 tu. Sehemu ya moli ya propani imeshuka hadi 0.14 na presha hadi 3.9 bar. Kwa hiyo anayetazama geji kukisia kiasi cha gesi anadanganyika: tangu mwanzo inashuka polepole kuliko uzito, baadaye inatulia karibu na presha ya butani hadi tone la mwisho. Mtungi unapimwa kwa mizani.

Dar butani tupu bado ina karibu bar 1.8 ya geji kwenye 30 °C, jiko linawaka vizuri. Peleka mtungi huohuo Makete asubuhi ya Julai, kwenye 5 °C: butani inabaki na 1.24 bar kamili, yaani robo bar tu juu ya presha ya hewa ya usawa wa bahari, na zaidi kidogo ikilinganishwa na hewa nyepesi ya huko milimani. Anayeuza gesi nyanda za juu anahitaji propani zaidi kwenye mchanganyiko. Anayejaza kwa ajili ya Temeke hana haja hiyo, na akiiongeza bila kupiga hesabu ya 50 °C anapandisha presha bure: mchanganyiko wa 30/70 kwenye joto hilo una 9.2 bar, propani tupu karibu 17.

Jihadhari na ithani. Joto lake la ukomo ni 32.2 °C, joto la kawaida kabisa la mchana wa Dar. Juu ya hapo haina presha ya mvuke, na fomula ya Antoine itaendelea kukupa namba isiyo na maana yoyote ya kifizikia. Chini kidogo ya hapo, kwenye 30 °C, presha yake safi ni kama 46.5 bar, kwa hiyo asilimia 2 tu za moli kwenye gesi ya mitungi zinaongeza kwa Raoult karibu bar 0.8. Ukiona geji ya tangi jipya imepanda kuliko hesabu, kabla ya kulaumu geji angalia cheti cha ubora kwenye mstari wa ithani. Hewa iliyobaki kwenye tangi lisilosafishwa vizuri hutoa dalili ileile. Tofauti ni kwamba ukitoa mvuke kidogo kwa njia salama, ya hewa inaisha haraka.

Petroli ikitiwa butani

Presha ya petroli hupimwa kwa njia ya Reid kwenye 37.8 °C. Huwezi kutumia Raoult bila kujua kilichomo, na wastani wa kawaida unakosea upande mbaya. Njia ya kazini ni kupandisha kila presha kwa kipeo cha 1.25, kupiga wastani kwa asilimia za ujazo, kisha kurudisha kwa kipeo cha 0.8.

Petroli ya kPa 60, uongeze asilimia 3 ya butani ambayo kwenye kipimo hiki huhesabiwa kama kPa 358. 60^1.25 ni 167; 358^1.25 ni 1,557. Wastani: 0.97 × 167 + 0.03 × 1,557 = 208.7. Ukirudisha, 71.7 kPa. Wastani wa moja kwa moja ungekuambia 68.9. Kama kikomo chako ni 70, huo wa pili umekuruhusu kupita na maabara itakurudisha.

Njia hii haifanyi kazi kwenye petroli iliyotiwa ethanoli. Molekuli za ethanoli hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuyasukuma mafuta, presha inapanda hata kama ethanoli safi ina presha ndogo kuliko petroli. Hapo unahitaji kipimo, au njia ya makundi ya molekuli kama UNIFAC.

Joto fiche: mtungi unaotoa jasho

Kwa wauza chips na majiko makubwa hili linaonekana kwa macho. Joto fiche la butani ni 385 kJ/kg kwenye kiwango chake cha kuchemka, −0.5 °C, la propani 425 kwenye −42.1 °C. Kulihamishia joto jingine tumia Watson: zidisha kwa [(1 − T2/Tc)/(1 − T1/Tc)]^0.38, T1 ikiwa joto la kuchemka na T2 joto jipya, yote kwa kelvin. Kwenye 30 °C butani inatoka kama 354, propani 322.

Mtungi wenye kilo 7 za kimiminika na chuma cha kilo 15. Kimiminika kinabeba kama 2.45 kJ kwa kilo kwa digrii, chuma 0.5, jumla kama 24.7 kJ kwa digrii. Ukitoa kilo moja ya gesi kwa saa, unachota karibu kJ 340. Kama hewa isingerudisha joto lolote, mtungi ungepoa digrii 14 kwa saa hiyo, na presha ingeshuka pamoja nao. Hewa ya Dar inarudisha sehemu kubwa, lakini kwa mtungi uliobanwa kwenye kona au kufungiwa sandukuni hairudishi. Umande kwenye tumbo la mtungi unakuonyesha usawa wa kimiminika, na moto kufifia katikati ya kazi kisha kurudi baada ya mapumziko ni dalili ya upoaji, gesi bado imo. Dawa yake ni mitungi miwili sambamba. Kuumwagia maji ya moto au kuuwekea makaa ni kuucheza mlinganyo wa 50 °C kwa mkono.

Kwa dizeli na mafuta mengine yasiyo na orodha ya kemikali, joto mahususi unalipata kwa: cp = (1.685 + 0.0034t)/√s, s ikiwa densiti ikilinganishwa na maji. Dizeli ya 0.84 kwenye 30 °C: 1.95 kJ kwa kilo kwa digrii. Inatosha kwa kupima hita ya tangi.

Lini ufungue programu

Ukiwa na gesi asilia iliyoyeyuka ndani ya kimiminika, kaboni dayoksaidi, joto linalokaribia la ukomo, au presha inayozidi kama bar 15, achana na Raoult. Tumia mlinganyo wa hali (unaounganisha presha, ujazo na joto) wa Peng–Robinson wa mwaka 1976. DWSIM, programu ya kuiga michakato ya kemikali, ni ya bure na inao. Mambo matatu ya kuangalia humo:

Usiamini densiti ya kimiminika inayotoka kwenye Peng–Robinson au Soave, mlinganyo mwenzake, bila marekebisho ya ujazo. Milinganyo hii ni mizuri kwa presha na mgawanyo wa mvuke na kimiminika. Kwenye densiti hukosea kwa asilimia kadhaa, na Soave hupita 10 kwenye haidrokaboni ndefu. Washa marekebisho ya Péneloux, au chukua densiti kwa Rackett au COSTALD (njia nyingine ya densiti ya kimiminika) na presha kwa Peng–Robinson.

Namba ya mwingiliano kij kati ya propani na butani ni karibu sifuri, iache. Kati ya kaboni dayoksaidi na haidrokaboni ni kama 0.1 hadi 0.13, na programu ikiiacha sifuri kimyakimya, presha inatoka pungufu.

Kwa mafuta yasiyo na orodha, unatengeneza kemikali bandia kutoka kiwango cha kuchemka (Tb, kelvin) na s. Kwa Riazi na Daubert: uzito wa moli = 0.00016607 × Tb^2.1962 × s^−1.0164; Tc = 19.06232 × Tb^0.58848 × s^0.3596. Dizeli ya Tb 550 K na s 0.84 inatoka na uzito wa moli 207 na Tc 734 K. Igawe mizigo mipana kwenye vipande vitano au zaidi kufuata jedwali la uchenjuaji, yaani lile linaloonyesha sehemu inayochemka kwenye kila joto. Kipande kimoja kwa petroli nzima kinaua mwisho mwepesi, na huo ndio unaobeba presha yote.

Kabla ya kuiamini karatasi yako ya Excel au programu, ipitishe kwenye namba zinazojulikana. Propani safi kwenye 30 °C ina presha ya 10.8 bar na densiti ya kimiminika 484; ukipata 10.64 na 482.5 kwa njia za hapa, uko mahali panapotakiwa. Petroli ya 740 kwenye 30 °C itoe VCF 0.98152, dizeli ya 840 itoe 0.98730. Jedwali la bure la NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, mtandaoni lina haidrokaboni safi nyingi za kulinganishia. Andika namba hizo juu ya karatasi, kwenye seli zilizofungwa, ili atakayeihariri mwakani aone papo hapo kama ameivunja.